Nani Anapanga Saa ya Sinza na Kumbukumbu ya Magomeni?

Sinza ilipimwa iwe mahali pa kulala. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni chini ya mradi wa viwanja na huduma: mwananchi apewe kiwanja kilichofikiwa na barabara na maji, kisha ajenge mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Ramani ilikuwa ya nyumba. Nusu karne baadaye, mtu akikwambia Ijumaa jioni "tukutane Sinza", hazungumzii kulala. Uzio wa mbele umevunjwa, sebule imekuwa kaunta, bustani imejaa viti vya plastiki na spika zimeelekezwa barabarani. Nyuma ya ukuta huohuo anaishi mtoto wa darasa la saba anayejiandaa na mtihani, na bibi mwenye presha.

Mabadiliko hayo hayakuja kwa uamuzi mmoja ambao wakazi walisomewa wakaukubali au kuukataa. Yalikuja kwa karatasi moja moja: leo leseni ya vileo, kesho mabadiliko ya matumizi ya kiwanja, keshokutwa afisa amefumba macho. Ndivyo pia zinavyotoweka nyumba za zamani za Magomeni, Ilala na Temeke. Hazibomolewi kwa sera, zinabomolewa kwa kibali kimoja cha ujenzi baada ya kingine. Kwa hiyo nayatazama mambo haya mawili, saa za biashara na uhifadhi wa majengo ya kihistoria, kama swali moja: nani ana neno juu ya mtaa? Kwa sasa, Kinondoni na Temeke, karibu kila ofisi ina neno isipokuwa mtaa wenyewe.

Tuanze na saa. Ukitaka kujua baa ya jirani yako inapaswa kufungwa lini, jiandae kuzunguka. Aina za leseni na saa zake zimo katika Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Kelele ni kazi ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, ambazo zinatenganisha mchana na usiku, makazi na viwanda. Kumbi na burudani zina mkono wa BASATA, baraza la sanaa la taifa. Leseni ya biashara iko kwa afisa biashara, ramani iko idara ya mipango miji kwa Sheria ya mwaka 2007, na amani ya usiku iko polisi. Juu ya wote hao wamekaa mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa. Kila mmoja ana ufunguo wake, na mlango unabaki wazi usiku kucha.

Matokeo yake tunayajua. Jirani anapiga simu kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti anakwenda kuzungumza na mwenye baa, naye anamwonyesha leseni ya halmashauri iliyogongwa muhuri. Anarudi mikono mitupu. Miezi inapita, malalamiko yanafika juu, na siku moja maofisa wa mazingira wanatokea na kufungia kumbi nyingi kwa mpigo. Faini inalipwa, ahadi zinaandikwa, muziki unarudi. Aliyelala vizuri ni jirani, kwa wiki chache. Aliyepoteza mtaji ni muuza mishikaki wa pale nje, ambaye hakuhusika na spika hata moja.

Njia ya pili ya kupanga saa ni tamko. Mwaka 2016 ulikuwa mwaka wa matamko: shisha ilipigwa marufuku Dar es Salaam, vijana wakakemewa kwa kucheza pool saa za kazi, na katika miji mingi maduka yakawa hayafunguliwi Jumamosi ya usafi mpaka saa nne asubuhi. Februari 2025 upepo ukageuka. Mkoa uleule ukazindua biashara ya saa 24 Kariakoo, na mfanyabiashara aliyekuwa akihimizwa kufunga akaombwa akeshe. Silipingi jambo la Kariakoo. Soko linalohudumia wateja kutoka Kongo, Zambia na Malawi lina sababu nzuri ya kukesha. Ninachosema ni kwamba maamuzi yote hayo, ya kufunga na ya kufungua, yalitoka juu na kwa njia moja, nayo ni kiongozi, mara nyingi wa kuteuliwa, aliyesimama mbele ya vipaza sauti.

Sheria ndogo ya halmashauri ina safari ndefu. Inaandaliwa, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni, madiwani wanaijadili, waziri mwenye dhamana anaiidhinisha, kisha inachapishwa katika Gazeti la Serikali. Tamko linahitaji asubuhi moja. Ndiyo maana viongozi wanalipenda. Lakini tamko halina kifungu ambacho mama lishe anaweza kukisoma, halina mahali pa kukata rufaa, na aliyelitoa akihamishwa mkoa, nalo hudhoofika bila kufutwa. Anayeteseka zaidi ni mtu asiyeweza kujua kama lililokuwa halali jana bado ni halali leo. Na nguvu ya tamko si maneno matupu: Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Muuza chipsi hahitaji kukisoma kifungu hicho ili akiogope.

Mizizi ya hali hii ni mirefu. Wajerumani waliugawa mji kwa kanuni za ujenzi za mwaka 1891 ili kila aina ya nyumba, na kwa hakika kila aina ya watu, ikae upande wake. Waingereza wakaendelea kuuchunga mji wa Waafrika kwa vibali, hata vya kupiga ngoma. Baada ya uhuru serikali za mitaa zilivunjwa, za vijijini mwaka 1972 na za mijini baada yake. Za mijini zikarudishwa mwaka 1978, na mfumo mzima ukasimikwa upya kwa sheria za mwaka 1982. Hata baada ya hapo, Dar es Salaam iliendeshwa na tume kuanzia 1996 hadi 2000, ndipo zikazaliwa manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Ubungo na Kigamboni zilimegwa baadaye, na Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Katiba, ibara ya 145 na 146, inasema lengo la serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Historia inaonyesha madaraka hayo yametolewa na kurudishwa mara nyingi, na mtaa haukuwahi kuulizwa.

Katika sheria hizo za mwaka 1982 na marekebisho yake kuna tofauti moja ambayo wakazi wengi wa mjini hawaijui. Kijiji kina mkutano mkuu wa wanakijiji wazima wote na halmashauri inayoweza kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na wilaya. Mtaa wa mjini hauna uwezo huo. Kijiji cha Rufiji kinaweza kuandika saa ya kufunga vilabu vya pombe; mtaa wa Mbagala, wenye watu wengi kuliko vijiji kadhaa vikiunganishwa, hauwezi. Mwenyekiti wa mtaa tunampigia kura kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 27, 2024, halafu tunamkabidhi kazi ya kugonga mihuri kwenye barua za utambulisho.

Fedha nazo zinaelekea upande huohuo. Halmashauri hukusanya ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo, pamoja na ada za leseni. Kila baa mpya ni mapato. Mtaa unaobeba kelele, chupa zilizovunjika na magari yaliyoziba njia haupati fungu lake. Ukimpa mtu mmoja faida na mwingine kero, usishangae wa kwanza akiidhinisha na wa pili akilalamika.

Na bado mtaa unajua kupanga saa zake, na umekuwa ukifanya hivyo muda wote. Mwezi wa Ramadhani ratiba ya Temeke inapinduka bila amri ya mtu: mchana majiko yanapoa, saa kumi alasiri meza za futari zinatandazwa barabarani, na usiku wa manane kuna wanaouza daku. Jirani akifiwa, mwenye baa anazima muziki mpaka maziko yapite, na asipozima wazee wanamfuata. Harusi ina ruhusa yake, lakini ikifika usiku mwingi mtu mzima anatumwa kwa mwenye spika. Vigodoro, zile ngoma za usiku za mtaani, vilipovuka mpaka, malalamiko ya kwanza yalitoka uani, kabla wakuu wa wilaya hawajavipiga marufuku. Utaratibu upo. Kinachokosekana ni sheria inayoutambua.

Ndipo unapoona ubaya wa saa moja kwa wote. Usiku wa Sinza ni wa kinywaji na muziki. Usiku wa Temeke Stereo ni wa malori ya viazi na nyanya yanayoshusha kabla ya alfajiri. Tandika huishi kwa mitumba na watembea kwa miguu. Mkazi wa Mbagala anaondoka kabla ya jua na kurudi saa tatu usiku. Akikuta duka na genge vimefungwa, familia imelala na njaa au imenunua kwa bei ya juu. Saa ya kufunga inayomfaa mkazi wa Masaki aliyechoka na ukumbi wa jirani inaweza kumvunja miguu muuza mboga wa Mbagala Rangi Tatu.

Kenya wamejaribu njia nyingine, na inafaa kuitazama bila kuitukuza. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, iliyojulikana kwa jina la mbunge John Mututho, iliweka saa za baa waziwazi: kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana mwishoni mwa wiki. Katiba yao ya mwaka huohuo ikakabidhi leseni za vileo kwa kaunti, zenye mabunge ya kuchaguliwa. Mwishoni mwa 2022 Gavana wa Nairobi, Johnson Sakaja, alitangaza kufuta leseni za vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi baada ya malalamiko ya wakazi. Hapo unaona kwamba hata kaunti yenye madaraka inaweza kurudi kwenye tamko. Tofauti ni kwamba gavana yule atarudi kwa wapiga kura walewale, na wenye vilabu walikuwa na sheria ya kuishika mkononi.

Sasa majengo, na hapa ndipo roho yangu inaumia zaidi.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Tafakari tarehe hiyo ukiwa Dar es Salaam. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu kando ya kijiji cha Mzizima kuanzia mwaka 1862, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika miaka iliyofuata. Maana yake ni kwamba karibu mji mzima umezaliwa upande usiolindwa wa mstari. Jengo la baadaye hulindwa pale tu waziri anapolitangaza. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya kuchongwa ya kabla ya 1940. Kwa hiyo mlango wa mwaka 1930 una ulinzi, na nyumba ya mwaka 1900 iliyoubeba haina, mpaka wizara ikumbuke.

Kwa upande wa Kinondoni, mahali panapoingia ndani ya mstari wa 1863 bila ubishi ni Kunduchi. Kuna msikiti wa karne ya 15 au ya 16, kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa vyombo vya kauri kutoka China, na kuna mibuyu iliyoyazunguka. Kusini, Mbwamaji kule Gezaulole, iliyokuwa Temeke kabla ya Kigamboni kumegwa, ni mji wa Waswahili uliokuwapo kabla Majid hajatia nia ya kujenga. Kisheria maeneo ya namna hii yanalindwa na Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Viwanja vinavyoyazunguka vinapimwa na halmashauri. Hivyo wizara inashika kaburi na manispaa inashika uzio unaokuja kuliziba. Hoteli, nyumba na kuta zimeisogelea Kunduchi kwa vibali halali kabisa. Wanafunzi wanaosoma kilomita chache kutoka hapo wanafundishwa Kilwa, na hawapelekwi Kunduchi.

Ulinzi wa kutangazwa nao una udhaifu wake, kwa kuwa kinachotangazwa kwa saini kinaweza kutanguliwa kwa saini. Jengo la Salamander katika Barabara ya Samora, moja ya alama za mji wa zamani, lilibomolewa na pakapanda mnara uliobaki na jina tu. Wala orodha ya hadhi ya juu haitoshi peke yake. Mji Mkongwe wa Zanzibar una mamlaka yake tangu 1985 na umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, lakini Desemba 25, 2020 sehemu ya jumba la Beit al Ajaib iliporomoka. Jina katika orodha halizibi paa linalovuja. Paa linahitaji fundi, chokaa, bajeti na mtu anayepita pale kila siku.

Upungufu mkubwa kuliko yote ni kwamba sheria inatazama mawe ya kale, wakati historia ya Kinondoni na Temeke ni ya karne iliyopita. Ni historia ya nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, baraza mbele na ua nyuma. Mwalimu Nyerere aliishi katika nyumba ya kawaida Magomeni Usalama wakati wa kudai uhuru, na nyumba hiyo imehifadhiwa kuwa makumbusho. Nashukuru. Lakini Mwalimu hakuishi peke yake Magomeni. Waliomsikiliza, waliochanga senti zao na kuuza kadi za TANU waliishi katika nyumba za namna ileile kuuzunguka mtaa wake, na hizo zinageuka fremu na ghorofa mwaka hadi mwaka. Eduardo Mondlane wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, aliuawa kwa bomu Oysterbay Februari 3, 1969. Tunapita huko kila siku kama mtaa wa balozi na migahawa.

Na kuna urithi uliokuwa mikononi mwa serikali ya mji yenyewe. Bendi ya Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978 na baadaye kuingia chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ilibeba herufi za shirika hilo mbele ya jina lake: DDC Mlimani Park, wana Sikinde. Kwa maneno mengine, mamlaka ya mji ilimiliki kumbi na ikalipa wanamuziki, akiwamo Muhidin Maalim Gurumo aliyefariki mwaka 2014. Kule Msasani sinema ya Drive-In ya miaka ya 1960 iliwakusanya watu wa mji huu ndani ya magari chini ya anga. Leo hapo umesimama Ubalozi wa Marekani. Ukumbi wa dansi ni jengo na ni saa kwa pamoja. Ukiulinda ukuta wake ukaufunga saa nne usiku, umehifadhi ghala. Ukiuacha ucheze bila mpaka, majirani watauchukia mpaka watashangilia ukibomolewa. Ndiyo maana naona maswali haya mawili hayatenganishiki: uhai wa mahali pa kukumbukwa unategemea saa, na saa inayokubalika inategemea watu wanaoishi hapo.

Magomeni Kota inafundisha jambo gumu zaidi. Kaya 644 ziliondolewa, kota zao za zamani zikabomolewa, na eneo likakaa tupu kwa miaka. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa mapya na wakazi wale wakarudi. Siwezi kumwambia mtu aliyetoka kwenye chumba kinachovuja kwamba afadhali angebaki humo kwa ajili ya historia. Haki yao ya kurudi ilikuwa jambo kubwa, na ingepaswa kuwa kanuni kila mahali. Lakini katika nafasi yote ile iliyokaa tupu, ingewezekana kubakiza kota moja, kurekodi majina, kuandika nani aliishi wapi. Uhifadhi haukuwa na kiti katika mazungumzo yale.

Wapo watakaosema mtaa ukipewa madaraka utatekwa na mwenye baa au mwenye nyumba nyingi. Hatari hiyo ni ya kweli. Nimeona vikao vya mtaa ambavyo wanaohudhuria ni wachache na wanaozungumza ni wachache zaidi. Lakini ofisi za juu nazo hutekwa, tena kwa bei ambayo mtaa hauwezi kuifikia. Wengine watasema kuhifadhi nyumba ya mjane wa Magomeni ni kumfungia riziki, kwa kuwa kiwanja chake kina thamani kubwa kuliko kuta zake. Hao wana hoja nzito. Nchi nyingi humpunguzia kodi mwenye nyumba ya kihistoria. Kwetu sisi, kodi ya majengo iliondolewa halmashauri ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato, mwaka wa fedha 2016/17, na tangu 2021 inakatwa kupitia umeme wa LUKU, kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida iwe ya jana au ya enzi ya Mwingereza. Manispaa ya Kinondoni, hata ingetaka kumsaidia mjane huyo, haikipangi kiwango hicho.

Basi yapo mambo ambayo hayahitaji Katiba mpya. Madiwani walioingia baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wanaweza kutunga sheria ndogo ya saa za biashara inayotenganisha kata na kata, barabara kuu na uchochoro, chakula na kinywaji, na inayotaka muhtasari wa kikao cha mtaa kabla leseni ya vileo haijatolewa au kuhuishwa. Wanaweza kuamua fungu la ada hizo lirudi mtaani kwa taa na usafi. Wanaweza kuagiza kila kata iorodheshe nyumba, kumbi, misikiti, makanisa na makaburi yake, na kibali cha kubomoa kilicho ndani ya orodha hiyo kisitoke bila kikao cha wazi. Bunge lina kazi yake: kuupa mtaa wa mjini uwezo wa kijiji, na kuuondoa mwaka 1863 katika sheria iliyotungwa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Wewe unayesoma, mtendaji wa mtaa akibandika tangazo la mkutano, nenda. Uliza leseni ya ukumbi ule inasema saa ngapi, na muhtasari wa kikao kilichoujadili uko wapi. Uliza nyumba ya kona inayotaka kubomolewa ilikuwa ya nani. Mkutano wa mtaa ni wa wazi, na majibu ya maswali hayo ni haki yako.